Fishi elfu kumi na moja za Tata Émile

Kasanda alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kampuni ya ushauri wa kompyuta ya Lubumbashi ilikuwa imempa mteja wake wa kwanza: hospitali moja ya Kamina, mji aliozaliwa. Alitakiwa kuhamisha fishi, yaani kadi za karatasi za wagonjwa, elfu kumi na moja, kutoka kabatini hadi kwenye kompyuta. Ijumaa mkuu wake angekuja kuukabidhi mfumo kwa hospitali. Kazi ikiharibika, hatapewa nyingine. Aliambiwa hivyo bila kuzungushwa.

Jumatatu aliendesha programu ya kuondoa marudio. Jina moja, kijiji kimoja: mtu mmoja. Fishi zikashuka hadi elfu saba. Akajiona fundi kweli kweli, maskini.

Tata Émile, mtunza fishi kwa miaka thelathini, aliinamia kioo cha kompyuta.

“Mwana, na ba-majina, bale ba jina moja, unabaweka wapi?” aliuliza. “Huku mutoto anabeba jina yote ya nkambo yake, babu ao bibi. Hii Umba Nyembo yako moja, miye najua kumi na tisa.”

Kasanda alisimamisha programu. Yeye mwenyewe alibeba jina zima la bibi yake, na alisahau! Mabibi na wajukuu walikuwa wamegeuka mtu mmoja, mwenye kundi moja la damu. Chupa moja tu ya damu isiyo ya kundi lake ingetosha kumuua mgonjwa.

Akaanza upya. Fishi nyingi hazikuwa na tarehe ya kuzaliwa, basi Tata Émile alikaa kando, mikono magotini, akitaja: huyu wa Kabongo alipasuliwa tumbo, huyu wajina wake alikuwa mtu wa reli kule Luena. Siku nne mzee hakufungua kabati. Kasanda alihakiki kwa siri, na kila neno alilikuta kwenye karatasi. Akaingiwa na hofu, ile ya mtu aliye mbele ya altare. Mashine zote alizozijua hazikuwahi kumfunga mdomo hivyo.

Ijumaa, mbele ya daktari mkuu wa hospitali, mkuu wa Kasanda aliandika Umba Nyembo kwenye kompyuta. Wakajipanga kwenye kioo kumi na tisa, kila mmoja na wajina wake aliyempa jina.

“Ni programu gani hii?” aliuliza.

Mkataba wa kampuni na hospitali ulisema siku hiyo mtunza fishi anastaafishwa. Kasanda angeweza kunyamaza akala sifa zake.

“Njo huyu baba, chef,” alisema. “Bila yeye mfumo wangu hautoshi.”

“Unasema hivyo mbele ya mteja?”

“Ndiyo.”

Daktari mkuu alivuta mkataba, akakifuta kile kipengele kwa kalamu. Ndipo Kasanda alipoona funguo za kabati mbele ya mzee, zimefungwa katika kitambaa safi, tayari kukabidhiwa. Mzee alijua tangu Jumatatu kwamba angeondolewa, na bado alimfundisha.