Alama Juu ya Sikio la Kulia

Waliniambia sitaweza. Mzee Kiula, jirani yetu hapa Misigiri, alisema mbele ya watu kwamba nitakuwa mtu wa kwanza Iramba nzima kuua ng'ombe kwa kutumia cheti. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ranchi ya serikali niliyoifanyia kazi kuuzwa kwa mtu binafsi. Mkononi nilikuwa na stashahada ya mifugo, niliyojilipia ada kwa mkaa niliouchoma mwenyewe, bila msaada wa ndugu hata mmoja. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, na niliona mapema kuliko wenzangu kwamba madereva wa malori wanaosimama hapa njia panda wangenunua maziwa kila asubuhi.

Ng'ombe sikuwa nao. Nikaazima kwa desturi yetu: mwenye mifugo humpa ndugu atunze na kukamua, na ndama hubaki kuwa mali ya mwenyewe. Mjomba Ramadhani wa Ilongero alinipa wanne. Mzee Kiula alinipa mmoja, akasema, "Huyu nampa marehemu baba yako. Wewe sikupi kitu. Najua sitamwona tena."

Miezi minne mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Nilikamua mwenyewe, maana sikumwamini mtu mwingine kwa usafi, na madereva walianza kuniita Daktari.

Asubuhi moja nilipojichana, kishungi kizima cha nywele kilibaki kwenye kitana. Hakikuuma. Nilivuta kidogo, kikatoka kingine na mizizi yake, kama majani yaliyong'olewa kwenye tope. Kwenye kioo niliona duara juu ya sikio la kulia, upana wa mdomo wa kikombe, ngozi imevimba, laini, inatoa maji ya njano. Siku chache baadaye mkono wangu ulitokea viduara vitatu vyekundu vilivyopangana, kama vidole vya mtu aliyenishika nikiwa nimelala.

Nilifanya ambalo msomi wa mifugo angefanya: nilipaka dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe kuua kupe. Iliunguza hadi machozi yakanitoka. Wiki mbili baadaye duara la pili likafunguka pembeni mwa la kwanza.

Watu hawakuniuliza. Malori yalianza tu kusimama mbele kidogo, mbali na kibanda changu. Kofia ya mitumba niliyovaa haikumdanganya mtu. Mzee Kiula alikuja hadi kwenye ua, hakuingia.

"Mwezi ukiandama nikakukuta bado na hicho kidude," alisema, "namchukua ng'ombe wangu. Na nitatuma mtu Ilongero waje wachukue wao. Ng'ombe hakai kwa mtu anayenyonyolewa na asiyeonekana."

Kesho yake nikaondoka kutafuta dawa.

Singida mjini nilifika juu ya magunia ya alizeti. Zahanati moja ya mtu binafsi, iliyofunguliwa juzijuzi, walidhani ni jipu. Walipasua. Usaha haukutoka, yalitoka maji tu, na mpasuaji akatazama kisu chake kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kesho yake nikaenda kwa kinyozi karibu na ziwa, anipunguze nywele zilizobaki ili dawa ipite. Asubuhi ile upepo ulikuwa ukikokota vumbi la magadi kutoka ufukweni, na kila kitu dukani kilikuwa cheupe.

"Kaa, kaka. Vua kofia."

Nilivua. Mkasi ukasimama hewani.

"Unatoka Ilongero?"

"Natoka Misigiri. Kwa nini?"

"Mwezi uliopita alikaa mzee hapo hapo ulipokaa. Duara hilo hilo. Sikio hilo hilo." Akakigeuza kioo kikatazama ukuta. "Usinilaumu, kaka. Sitaki kijione."

Alikataa kuninyoa, akakataa pia kunifukuza. Alisimama tu mlangoni akisubiri niondoke. Mimi si mtu wa kuogopa maneno ya vinyozi, lakini nilipotoka sikuugeuza uso nyuma hadi nilipouacha mji.

Ilongero nilifika kwa baiskeli ya kukodi, jua likiwa utosini. Nilitaka mjomba asikie habari kwangu kabla hazijamfikia kwa Mzee Kiula. Nilimkuta uani peke yake, amevaa kofia ya sufu katika joto lile, anapepeta alizeti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, daktari wa ng'ombe. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi vua kofia."

"Vua na wewe, mjomba."

Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Tukavua pamoja. Juu ya sikio lake la kulia kulikuwa na duara, ila lake lilikuwa limekauka, limefunikwa na magamba kama majivu, na nywele zake zimekatika zikabaki vijiti. Nilikuwa nakitazama kichwa changu mwenyewe kikiwa kimezeeka miezi kadhaa.

"Kinatembea," alisema.

"Nini kinatembea?"

"Ningejua ningekifungia zizini. Kabla yangu kilikuwa Issuna, kwa shangazi yako Damari. Kwangu kilifika baada ya mvua. Sasa kiko kwako. Kinafuata barabara, mpwa wangu, na hakikosei nyumba."

"Ungeniambia, mjomba."

"Ningekuambiaje? Barua zako zote unamaliza kwa jina la chuo. Nikaona aibu."

Tulikula ugali wa mtama. Mkewe alitutengea mabakuli mawili. Tangu nimezaliwa sijawahi kula kwa mjomba bakuli la peke yangu.

Issuna ni upande wa pili wa Singida mjini, katika barabara ya Manyoni. Kesho yake nilirudisha baiskeli mjini, nikapata lori la chumvi, nikashushwa alasiri. Njia ya kwenda kwa shangazi inapita katikati ya mashamba ya alizeti, na siku hiyo vichwa vyote vilikuwa vimekomaa, vimeinama, vimenipa visogo. Mbwa wa nyumba ya kwanza waliinuka, wakanitazama, hawakubweka. Wa nyumba ya pili vilevile. Mwanamke aliyekuwa akitwanga aliacha mchi ndani ya kinu akaingia ndani. Mimi niliyelala porini na simba wa ranchi nilijikuta nahesabu hatua zangu kwa sauti.

Shangazi Damari alikuwa amesimama kwenye ua wa minyaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. La kulia?"

"La kulia."

Akafungua kilemba. Kwake hapakuwa na magamba wala maji. Palikuwa pamelainika na kung'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta, na hapakuwa na unywele hata mmoja. Nilijua basi ninakokwenda. Kwanza kutoa maji, kisha kukauka, kisha hivi.

"Majirani wanasema kuna marehemu wetu anatupapasa vichwa," alisema. "Anachagua wake. Mimi nimemzoea. Keti, nikakamue, jua linashuka."

Alivuta kigoda upande wa kulia wa ng'ombe, kama sisi sote tunavyofanya. Akapitisha mikono chini, akageuza uso kuuangalia mguu wa nyuma usije ukampiga, na akaegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe. Sehemu iliyogusa ubavu ni pale pale, juu ya sikio la kulia.

"Shangazi, usinyanyuke," nilisema. "Kaa hivyo hivyo."

"Umeona nyoka?"

Nilipiga magoti. Chini ya kichwa chake, manyoya ya ng'ombe yalikuwa yametoka, na ngozi ina duara la rangi ya majivu.

"Kijivu, yule ng'ombe niliyepewa na mjomba, alitoka wapi?"

"Si hapa? Ukame ule nilimpeleka kwa Ramadhani anitunzie. Huyu ni dada yake."

"Alikuwa na mabaka?"

"Ya ubavuni. Nikayapaka samli."

Nilikaa chini kwenye samadi na suruali yangu safi. Choa cha ng'ombe. Ukurasa mmoja katika daftari langu la mwaka wa pili: huanza kwa mnyama, humpata mkamuaji, huvimba na kutoa maji, hung'oa nywele. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, na nililijibu vizuri kuliko darasa zima. Mabaka ya Kijivu niliyaona siku ya kwanza, nikasema anajikuna kwenye nguzo. Kisha kila asubuhi, miezi minne, niliegemeza kichwa changu juu yake kwa sababu palikuwa na joto. Huyo ndiye marehemu asiye na jina aliyekuwa akinipapasa.

"Choa?" shangazi aliguna nilipomweleza. "Choa ni cha watoto. Msomi wetu, ulikwenda shule miaka yote hiyo ukatuletee choa?"

Hata hivyo alicheka hadi akamwaga maziwa.

Safari ya kurudi nilipita tena Singida mjini. Daktari wa ngozi alikwangua ngozi pembeni mwa duara, akaipima, akakubaliana nami neno kwa neno. Alinipa vidonge vya fangasi vya kumeza kwa wiki nyingi, akanionya nisiguse tena dawa ya josho. Shangazi na mjomba niliwatumia ujumbe waende kwake. Nilipomweleza hali ya shangazi, daktari alisema bila kuficha kwamba nywele zake hazitarudi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kisu cha zahanati: angetibiwa miaka miwili mapema zingepona, na katika ukoo mwenye kuujua ugonjwa huo nilikuwa mimi.

Misigiri nilimtenga Kijivu, nikasugua mabaka kwa iodini, nikapaka nguzo za zizi chokaa, na nikawa nakamua nimejifunga kitambaa kinachochemshwa kila siku. Mwezi ulipoandama Mzee Kiula alikuja. Kichwa kilikuwa bado na upara, ila kimekauka. Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu, na sijui kama nimewahi kusema sentensi ngumu kuliko hiyo. Alisikiliza, akaondoka bila ng'ombe.

Mavuno yaliyofuata nilikuwa na ng'ombe wangu watatu niliowanunua mnadani, na nywele zimerudi isipokuwa mahali pa ukubwa wa kucha. Nikaanza kurudisha vya watu. Kijivu na ndama wake niliwaswaga mwenyewe hadi Issuna. Wa mjomba niliwafikisha Ilongero, na pale tulikula bakuli moja.

Wa mwisho alikuwa wa Mzee Kiula. Nilimpeleka jua likichomoza, na ndama jike ubavuni. Mzee hakunisalimu vizuri.

"Vua kofia."

Akanipapasa kichwa chote kwa vidole vigumu, kama anunuaye mnadani. Kisha akampapasa ng'ombe, shingo, mgongo, ubavu. Alivuta kigoda upande wa kulia, akakaa. Alikawia kidogo. Halafu akaegemeza upara wake wa uzee ubavuni mwa ng'ombe, akakamua kikombe, akanywa nusu, na nusu akanipa mimi.