Josho la Disketi

Kibao changu cha kwanza mjini Kisii kiliandikwa TUNAONDOA VIRUSI, na kwa miezi miwili hakuna aliyevuka mlango. Nilidhani watu hawajui komputa. Kumbe walijua kusoma. Miaka hiyo neno virusi lilikuwa na maana moja tu kwetu, na karibu kila Ijumaa tulimzika mtu ambaye ugonjwa wake haukutajwa. Nani angeonekana akiingia kwangu?

Nilimfuata mwenyewe mama wa Kihindi aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Nilimweleza kwamba kuna virusi vinavyolala ndani ya komputa hadi tarehe fulani, kisha vinafuta kila kitu. Aliwatazama wateja wake, akanitazama mimi.

"Duka yangu haina hiyo ugonjwa! Toka, kijana!"

Nilirudi nyumbani Nyamache nimenywea. Mama yangu alikuwa akiswaga ng'ombe kwenda kwenye josho kuoshwa kupe, na njiani watu walimsalimu vizuri tu. Akili ikanijia. Kupe hamwaibishi mtu; hata ng'ombe wa padri anao. Nikafuta kibao, nikaandika JOSHO LA DISKETI.

Nilipomrudia mama wa duka na jina hilo jipya, alicheka hadi akashika kaunta. "Kupe? Sawa, osha."

Nikaosha, naye akanitangaza mji mzima. Anayefikiri biashara ya kulinda komputa inauzwa na ujuzi amepotea. Inauzwa na neno lisilomtia mtu haya, na mtu mmoja anayeaminika wa kukusemea. Niliitwa hadi Nyamarambe, nikatembea kifua mbele na disketi yangu ya dawa mfukoni.

Lakini kupe walikuwa wakirudi. Nikiosha Jumatatu, Alhamisi naitwa tena, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha nikaona kwamba hata komputa zilizokuwa safi ziliugua baada ya mimi kupita. Niliigeuza disketi yangu. Kile kitundu cha pembeni, kinachoachwa wazi ili kitu kisiandikwe ndani yake, nilikuwa nimekisahau kimefungwa tangu siku ya kwanza. Dawa yenyewe ilijaa kupe. Mimi ndiye niliyewabeba mlango hadi mlango, na tarehe yao ilikuwa imebakiza siku sita.

Nilikwenda kwa mama wa duka kukiri. Nilimkuta na mteja.

"Huyu ndiye," alimwambia. "Mimi naamini yeye kabisa."

 Niliosha komputa yake kwa disketi mpya, nikauzunguka mji nikiosha bila kueleza chochote. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilizifikia zote isipokuwa moja, ya mwalimu wa taipu kule Nyamarambe, aliyekuwa amesafiri na kufunga mlango.

Alirudi siku ya tarehe yenyewe, akawasha komputa, akapoteza kila kitu. Alilia mbele yangu, akajilaumu kwa kutoniita mapema, na kila aliyekutana naye alimwambia hivyo hivyo. Wiki iliyofuata watu walipanga foleni mlangoni kwangu. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuiona disketi yangu.