Nimepata Mahari

Mdogo wangu wa kiume hajui kutofautisha r na l. Mimi nimekulia Bukoba, kwa shangazi. Yeye alizaliwa wazazi walipokwisha kurudi nyumbani, akalelewa hapa hapa Kigali. Kinyarwanda changu humchekesha, Kiswahili chake hunipandisha hasira. Tukipigiana simu tunachanganya vyote, mradi tuelewane.

Alikuwa akihangaikia mahari. Ni fundi cherehani Kimisagara, na baba wa mchumba wake hapendi maneno mengi: ng'ombe kwanza, harusi baadaye. Basi akapokea kila kazi iliyokuja, sare za shule, mapazia, mishanana, zile nguo za asili za maharusi. Nilipompitia nilimkuta amekonda, taya linatafuna hewa, anaongea bila kituo. Nikamwuliza analala lini. Akacheka, akanionyesha unga mweupe kwenye kipakiti cha plastiki. Eti ni vitamini ya kazi. Si bangi, si pombe, haina hata harufu. Nilimfokea mbele ya wateja wake, sikujali. Lakini nikarudi dukani kwangu Kabeza nikijifariji kwamba angalau halewi. Hasira yangu haikai. Woga ndio uliobaki.

Haikupita wiki akanipigia asubuhi, kwa sauti ya chini sana.

"Dada, nimepata mahari muzuri. Usiambie mutu."

Jamani, nilivyofurahi! Nilidhani anaogopa kijicho, maana ng'ombe hatangazwi kabla hajafika zizini. Mimi nami mdomo wangu hauna mlango. Nilipiga vigelegele pale pale dukani, wateja wakaitikia, nikawapigia shangazi zangu wote. Kisha kitu kikaanza kunikera. Mtu mwenye heri ananong'ona nini? Nikampigia, hapokei. Nikarudia, hapokei.

Mchana akanipigia fundi mwenzake. Alisema mdogo wangu amepanda juu ya dari ya karakana, hataki kushuka, anadai kuna watu wamemzingira. Karakana ile imeezekwa bati, na jua lilikuwa la utosi. Hapo ndipo maneno yake yaliponirudia vizuri. Mahari gani! Alikuwa amepata mahali, mahali pa kujificha.

Nilipanda pikipiki na ndara zangu za dukani, nikimsihi dereva akimbize. Kule walinisogezea meza, nikaingiza kichwa darini. Joto lilinipiga usoni. Alikuwa amejikunja katikati ya mbao, macho yametoka, shati limelowa chapa. Nilimgusa mkono, ukanichoma kama pasi.

"Dada, nani amekufuata?"

"Hakuna. Niko peke yangu."

"Nilikuambia usiambie mutu."

Niliendelea kumshika mkono, nikimwita kwa jina la utotoni, mpaka akakubali kushuka.

Hospitalini walimpoza kwa maji na kumdunga sindano ya kumtuliza. Daktari alinieleza taratibu. Alisema ubongo hutoa raha tone kwa tone, unapokula, unaposifiwa, halafu huivuta tena ndani ili itumike siku nyingine. Unga ule hufungua bomba lote na kuziba njia ya kurudia. Raha inafurika, usingizi unakimbia, moyo unadunda, mwili unachemka. Yakizidi mafuriko, mtu husikia nyayo za watu wasiokuwepo. Kisha pipa linakauka. Ubongo unadai tena, na kipimo cha jana hakitoshi leo. Nikamwuliza ni dawa gani hasa. Akasema hajui, na vipimo vyao havikuonyesha kitu, kwa sababu wapishi wa unga huo hubadilisha mchanganyiko kila mara ili usitambulike. Nilitamani kumkasirikia mtu, sikumpata.

Alipona homa, lakini furaha ilichelewa. Kwa miezi chakula hakikuwa na ladha kwake, na mchumba wake akija, yeye alimtazama kama mgeni. Daktari alituonya kwamba siku hizo kavu ndizo hurudisha watu kwenye kipakiti. Mimi kila simu ikilia moyo ulinipasuka.

Juzi akanipigia asubuhi. "Dada, nimepata mahari."

Vigelegele sikupiga. Nilifunga duka mteja akiwa bado anachagua sabuni, nikadandia pikipiki.

Nilimkuta kwenye cherehani yake, mlango wazi, mchumba wake ameketi pembeni anakunja sare. Nje kulikuwa na mzee mmoja muuza ng'ombe na ndama jike amefungwa kamba, anatafuna mabaki ya mgomba. Mdogo wangu aliinuka akitabasamu. Kisha akaona ndara zangu, akaona nilivyokuwa nahema, macho yangu yakiwa juu darini. Tabasamu likamtoka. Akanivutia kiti.

"Ya ng'ombe, dada," alisema polepole. "Ya ng'ombe."