Mkunga, Wifi Yake na Gari la Punda

Magari ya aina ile watu waliyaita Punda, kwa sababu yalisifiwa kuwa hayachoki. Mkunga wa zahanati alikuwa na lake jeupe, na miaka yote halikuwahi kumwacha njiani. Kaka yake naye akanunua la kwake. "Kizuri chajiuza," alisema. Breki zilimkatikia kwenye mteremko, akafa papo hapo.

Tangu mazishi, mjane wake hakukubali kupanda Punda. Mkunga akienda kumwona aliliegesha nyuma ya kona, lisije likamtonesha kidonda.

Asubuhi moja mjane alimpigia simu. Binti yake ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, na teksi haipatikani.

"Wifi, njoo nalo," alisema. "Lilete mpaka mlangoni."

Walimlaza binti kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Kwenye mteremko wa kwenda hospitali mkunga alipunguza mwendo mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kupiga honi.

"Unaogopa?" mjane aliuliza.

"Naogopa kila siku, wifi. Hili na lile yametoka kiwanda kimoja."

"Basi waache wapige honi. Twende polepole."

Adhuhuri mtoto alizaliwa salama. Mjane alimpakata kwa muda mrefu. Walipotoka nje, binti na mtoto wakibaki wodini, mjane alikataa kurudi nyumbani na lile gari, na mkunga hakumbembeleza. Alilifunga milango, wakaondoka kwa miguu, wameshikana mikono.