Sungura wa Kubandikwa

Wateja walimwita Mama Makeke, naye hakukana. Mikono yake ilikuwa laini kichwani, lakini ulimi wake ungekuparuza masikio kabla maji hayajapata moto. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, sinki lililopasuka pembeni, na vikaushio viwili vilivyonguruma kama pikipiki. Ukutani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAPA HATUTUMII KITU KILICHOJARIBIWA KWA WANYAMA.

"Mama, binadamu wanateseka, wewe unalilia sungura?" wateja wapya humuuliza.

"Machozi ni yangu, sijaazima kwako. Inamisha kichwa."

Jambo lenyewe hakusimuliwa na mtu; aliliona kwa macho yake. Kabla ya kujifunza ususi aliajiriwa kufagia kwenye jengo la kampuni moja ya vipodozi. Chumba cha mwisho kwenye korido kilikuwa na sungura waliobanwa ndani ya masanduku, vichwa nje, shingo zimekabwa. Bwana mmoja mwenye koti jeupe alipita akiwavuta kope na kuwadondoshea shampuu machoni. Sungura si mnyama wa kupiga kelele. Chumba kizima kilikuwa kinaumia, na kilichosikika ni feni tu. Msichana wa kufagia akauliza kwa nini wasifunguliwe angalau wajifute.

"Wakijifuta, tutajuaje inauma kiasi gani?" bwana akamjibu, bila hata kugeuka.

Aliegemeza ufagio ukutani akaondoka. Hakurudi hata kuchukua viatu vyake.

Kwa hiyo alipofungua saluni, kazi kubwa ilikuwa kupata vifaa visivyotoka kwenye vyumba vya namna ile. Alihangaika sana, mpaka wifi yake, dada wa mumewe, mwenye duka la vipodozi, akamwita. "Wifi yangu, shida zako zimekwisha. Mzigo mpya huu. Ona, una kasungura." Kweli, kila chupa ilikuwa na picha ya sungura anayeruka, na chini yake maneno kwamba hakuna mnyama aliyeguswa. Mama Makeke alimkumbatia wifi yake mpaka wateja wakageuka kutazama. Tangu hapo hakununua kwingine: shampuu, losheni, hata sabuni ya kusugulia sakafu.

Siku moja mwalimu mmoja, mteja wa muda mrefu, alikuwa amekaa karibu na ndoo ya maji ya moto akingoja dawa iingie kwenye nywele. Alikuwa akichezea chupa mkononi. Ghafla akacheka. "Mama Makeke, sungura wako anatoroka!"

Mvuke ulikuwa umelegeza gundi. Picha ilikuwa imeteleza hadi kwenye kitako cha chupa, na pale ilipokuwa palionekana jina la kampuni. Mama Makeke alilisoma mara moja. Lilikuwa jina lile lile lililoshonwa kwenye aproni aliyovaa alipokuwa akifagia.

Hakupiga kelele. Hapo ndipo wanaomjua walipoanza kuogopa. Alimsuuza mwalimu kwa maji matupu, akamfunga taulo, akazikusanya chupa zote ndani ya ndoo na kutoka. Mwalimu akamfuata na taulo lake kichwani. "Hii siikosi," alisema.

Wifi alikuwa nyuma ya kaunta, mbele yake bunda zima la vibandiko vya sungura.

"Huyu sungura amebandikwa na kampuni au na wewe?"

"Shusha sauti, wifi, nina wateja."

"Na mimi nina wateja! Nimewaapia kwa mdomo wangu huu!"

"Wewe ulitaka sungura, nimekupa sungura. Mzigo wa kweli wa namna hiyo haupatikani. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia haupo."

"Ungenunua kwa mwingine."

"Ndiyo!"

Wifi akacheka kwa pua. "Na nyama unakula. Unafiki gani huo?"

"Nakula, na nikimla ng'ombe simwambii mtu ni mchicha."

Akaipindua ndoo juu ya kaunta. Chupa zikabingirika, nyingine zikaanguka na kupasuka, povu likatapakaa sakafuni.

Nyumbani mumewe alijaribu kupoza. "Utavunja undugu kwa ajili ya chupa za shampuu?"

"Aliyebandika ndiye aliyebandua," akamjibu. Mume akarudia sahani yake.

Kesho yake aliyakwangua maandishi ya ukutani kwa kisu, akaanza kumwambia kila mteja ukweli. Wengi walimpa pole. Mmoja alisimama na nywele nusu zimesukwa, akasema, "Kumbe na wewe ni walewale," akaondoka. Kosa halikuwa la Mama Makeke, lakini mdomo uliotumika ulikuwa wake, na hilo lilimchoma kuliko yote.

Safari hii hakutaka picha. Alimtafuta fundi sabuni aliyekuwa akichemshia uani kwake, akamkazia macho. "Unajaribia nani?"

"Mimi mwenyewe, na mama mkwe wangu," fundi akajibu. "Ndiyo maana hanipendi."

Mama Makeke akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Sabuni yenyewe haina povu la maana, na wateja wananung'unika. Yeye husugua mara mbili.

Mama mkwe wa Mama Makeke, mama mzazi wa wifi, hakutaka ugomvi ukae. Aliwaita wote wawili sebuleni kwake, akawaamuru wapatane.

"Samahani kama umekasirika," wifi akasema, akitazama dari.

"Hakuna 'kama'. Nimekasirika. Omba samahani ya kubandika, hasira zangu niachie mwenyewe."

Wifi hakuomba. Sasa wanasalimiana kwa heshima ya bibi huyo tu, na zile chupa zenye vibandiko bado zinauzwa dukani. Mama Makeke hupita mbele ya duka hilo akienda kazini. Akimkuta mtu mlangoni ameshika chupa, humsimamisha na kumwambia amkwangue sungura kwa kucha kwanza, kwa sauti inayofika mpaka nyuma ya kaunta.