Maua Yaliyoungwa kwa Mawese

Binti yangu alipochumbiwa, niliapa kwamba siku ya kumuaga halitaingia ua la plastiki ukumbini. Yale maua ya kukodi nayajua. Yamehudhuria harusi zote za Kasulu, na kila harusi imeyaachia vumbi lake.

Nikanunua pakiti ya mbegu. Picha ilionyesha maua yanayoning'inia kama mikia, mekundu, ya zambarau na ya njano. Nusu ya mbegu nikazisia kwenye tuta nyuma ya nyumba, nikanyunyizia maji asubuhi na jioni. Yalipochipua nikawa nayaamkia kabla ya mume wangu.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kitahana. Huyu mama hajui kukaa bure ugenini. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta ameshapika ugali wa muhogo na bakuli la mboga iliyoungwa kwa mawese.

"Mwanangu, lengalenga zako nzuri, ila ulizibananisha mno. Nimezing'oa zote."

Nikachungulia dirishani. Tuta lilikuwa udongo mtupu! Kumbe maua yale ni ndugu wa mchicha, ambao mama mkwe huuita lengalenga, na yakiwa machanga huwezi kuyatofautisha nao. Roho iliniuma. Lakini mkamwana hasusi chakula cha mama mkwe, kwa hiyo nikala mapambo ya binti yangu tonge kwa tonge. Na yalikuwa matamu, jambo lililoniudhi zaidi.

"Mama, yale yalikuwa maua," nilijikaza kusema.

Akanitazama kwa huruma. "Maua gani yanakubali mawese hivi? Mbegu zimebaki? Nipe nikapande."

Utamnyimaje mama mkwe? Nikampa, nikitabasamu kwa meno tu. Dukani mbegu hazikuletwa tena, na wiki ya sherehe nikaenda kukodi plastiki, kichwa chini.

Asubuhi ya siku yenyewe bodaboda kutoka stendi ilisimama mlangoni. Abiria sikumwona. Niliona tita kubwa la mikia myekundu, ya zambarau na ya njano, na chini yake miguu ya mama mkwe.

Alikuwa amenuna. "Magoti yalinilaza ndani, kutoka nikakuta mboga yote imekomaa. Hailiki tena! Nikasema nimletee mjukuu wangu, walau ikae mezani."

Nililia palepale, nimemkumbatia yeye na tita lake. Plastiki tukairudisha na vumbi lake.

Ukumbini mgeni mmoja aliyasifu sana yale maua. Mama mkwe akamkatiza, "Si maua hayo. Ni mboga iliyochelewa."