Programu Iliyoshika Sauti ya Bibi Yako

Nakumbuka asubuhi moja ya masika pale Tarime mjini, mwanangu Bhoke, kabla wewe hujazaliwa, mama yangu alipokaa kwenye stuli mbele ya kompyuta yangu na kuniuliza natafuta nini humo ndani. Nimeikumbuka kwa sababu ya swali lako la Jumapili. Ulikuja na kompyuta yako mpya begani, ukaniamkia, na kabla hujanywa hata chai ukasema, "Shangazi, nataka kuanza kazi ya kuandika na kutengeneza kadi na kurekodi. Niweke programu zipi?" Nilikuambia nitakujibu. Jibu langu ni refu kidogo, lakini nawe huharakishwi na mtu.

Wakati ule nilikuwa kijana, nina chumba cha kuchapa karibu na stendi. Barua, kadi za harusi, ratiba za mazishi, vyote vilipita mikononi mwangu. Kompyuta yenyewe ilikuwa na kioo chenye nundu nyuma kama fahali. Kijana mmoja alikuwa ameniletea kutoka Sirari sidii yenye programu kubwa ya studio ya kurekodia, iliyonakiliwa kinyemela. Ee, mwanangu, ilikuwa na vitufe na taa kila mahali! Nusu yavyo sikujua ni vya nini, lakini nilijiona nimekuwa fundi wa redio.

Ndipo mama akaugua koo. Bibi yako Wankuru unayemjua wewe ni mwanamke mkimya mwenye kitambaa cheupe shingoni. Mimi nilimjua mwingine. Kule kijijini Susuni akiita ng'ombe jioni, majirani walijua jua linazama. Mtoto wa yeyote akilia usiku, yeye ndiye aliyeitwa kumwimbia. Sauti ikaanza kukwaruza kama jiwe la kusagia ulezi, na madaktari wa Mwanza wakasema wazi: ili apone, lazima waondoe ile sehemu ya koo inayotoa sauti. Ataishi, ila hatasema tena.

Siku moja kabla ya kwenda Mwanza kupasuliwa alikuja kwangu. Hakulia. Alisema tu, "Gati, mna mashine. Nishikieni sauti yangu. Kaka yako Mwita hajaoa bado. Watoto wake watalala kwa wimbo wa nani?"

Nikafungua ile programu kubwa. Nilitaka kumpa mama kilicho bora, ni mtoto gani asiyetaka hivyo? Mashine ikaganda. Nikaiwasha upya. Ikaniuliza maswali ambayo sikuyaelewa. Ilipofunguka nikaanza kuchagua mwangwi gani unafaa, wa kanisani au wa ukumbini. Mama amekaa, ameshika kipaza sauti kama mtu aliyeshikishwa kuku wa mwenzake.

"Unatafuta nini humo?" akauliza.

"Namna ya kuipamba sauti yako, mama, isikike safi."

"Nani kakuambia nataka sauti safi? Nataka sauti yangu." Akakohoa, akafuta mdomo kwa mtandio. "Ukingoja kibuyu chenye shanga, ndama atamaliza maziwa. Huna kingine chochote cha kukamulia?"

Nilikuwa nacho. Kilikuwa pale pale kwenye kioo, nimekidharau kwa sababu kilikuwa kidogo na hakina mapambo: Audacity. Unabonyeza duara jekundu inarekodi, unabonyeza mraba inasimama. Nikabonyeza jekundu.

Mama akaimba. Aliimba za kubembeleza watoto, akaita ng'ombe wake kwa majina, akawataja wazee wetu mmoja mmoja hadi wale ambao hata baba hakuwahi kunitajia. Pikipiki ikapita nje ikinguruma, nikanyoosha mkono nisimamishe, naye akanizuia kwa kichwa, akaendelea, na katikati ya wimbo akaitukana ile pikipiki kwa Kikurya. Ipo mpaka leo. Kila alipopumzika, mimi nilihifadhi.

Umeme ukakatika akiwa kwenye wimbo wa mwisho. Nikaguna kwa uchungu, yeye akacheka kwa ile sauti iliyokwaruza. "Huu nitakuwekea wewe," akasema. Tukakaa kwenye giza la chumba kile kisicho na dirisha, akaniimbisha mstari kwa mstari hadi nikaushika. Umeme uliporudi tukakuta vyote nilivyohifadhi vipo. Nikavitia kwenye sidii, moja kwangu, moja kwa Mwita, moja kwa mjomba kule Kisaka. Akiba haiozi, lakini akiba ya mahali pamoja huungua na nyumba.

Alirudi kutoka Mwanza amepona, na kimya. Kimya chake kilikuwa kizito, mwanangu. Akikasirika alipiga sufuria. Watu walizoea kumsemesha kwa kupaza sauti, kana kwamba amekuwa kiziwi. Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima tu, lakini herufi alizijua, basi nikamfungulia programu ya kuandikia, nikakuza herufi mpaka zikawa kama punje za mahindi, nikamwachia. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja asubuhi nzima. Nilidhani anaandika shukrani. Nilipokuja nikakuta: CHUMVI IMEZIDI. Ilikuwa mboga yangu ya jana yake. Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha nikalia, kwa sababu mama alikuwa amerudi.

Halafu Mwita, baba yako, akaoa, ukazaliwa wewe, na ulikuwa mtoto wa kulia kwelikweli, usifikiri umeanza leo. Mama yako alichoka, baba yako alichoka. Bibi akakuchukua kwa mikono miwili, akafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nikaona uso wake. Nikaenda kwenye mashine, nikaifungua ile sauti. Chumba kikajaa Wankuru wa zamani. Na yeye akaanza kukutikisa taratibu, midomo yake ikifuata maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, hata pale pa kukohoa. Ukanyamaza. Ukamkodolea macho bibi yako kana kwamba ni yeye anayeimba, na hukukosea. Wimbo ulipoisha akaninyooshea kidole: rudia.

Basi, mwanangu, jibu lako. Kwa kuandika na kwa hesabu za kazi weka LibreOffice, inatosha. Kwa kuchora kadi, mabango na nembo weka Inkscape. Kwa sauti, hiyo hiyo Audacity. Zote ni za bure, hazitaki mashine ya kifahari, na hata bando likiisha zinafanya kazi. Zilizonakiliwa kinyemela achana nazo, huja na virusi, na kitu cha wizi hakina amani. Si vyote ving'aavyo ni dhahabu, muulize mtu yeyote wa machimbo ya Kewanja. Jifunze moja mpaka vidole viijue, ndipo ufungue nyingine, maana mshika mbili moja humponyoka. Hifadhi kabla hujaridhika. Ukitaka kusafisha sauti au picha ya mtu, fanyia kwenye nakala, ya kwanza usiiguse. Mimi niliwahi kuondoa ule mvumo wa mashine kwenye nakala, lakini kikohozi cha mama nilikiacha. Na mtu akikujia na jambo lake, msikilize kwanza anataka nini. Programu utaichagua baadaye.

Nenda, binti wa kaka yangu. Mungu wa bibi zako akuangalie uendako na urudiko. Mikono yako ipate kazi, kazi yako ipate watu, umeme usikuzimikie hujahifadhi, na wanao wakujue kwa sauti yako mwenyewe, ukiwa mbele yao, mzima, ukiwaimbia.